Wiki 14 kabla ya kisu: kisa cha mgonjwa wa kongosho sugu

Mgonjwa wa kisa hiki nilimhudumia nikiwa daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali moja ya rufaa nchini Tanzania. Jina, mkoa, miaka na mengine yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa au kuachwa. Nitamwita Bi Zuhura. Nawaandikia wenzangu wa zahanati na hospitali za wilaya, ambao huwaona wagonjwa hawa muda mrefu kabla yetu. Nawaandikia pia mgonjwa na ndugu zake walioambiwa "kesi yenu inapelekwa kwenye jopo" na wasielezwe jopo hilo linatafuta nini.

Mgonjwa na miaka tisa ya vidonda vya tumbo

Bi Zuhura alifika kwetu akiwa na miaka 29. Ni mama lishe, mama wa mtoto mmoja. Saa kumi alfajiri yuko jikoni na maandazi na vitumbua. Saa moja asubuhi yuko kwenye meza yake karibu na stendi. Maumivu yalimwanza akiwa na miaka 20. Yalishika kwenye chembe ya moyo, yakapenya hadi mgongoni, "kama nimechomwa mshale ukatokea nyuma." Nafuu kidogo aliipata akikaa ameinama mbele, amekumbatia mto. Yakija yalikaa siku mbili tatu, hali wala halali. Yakiondoka alirudi kwenye meza yake, na kila aliyemwona akamwambia hongera, umepona.

Kwa miaka tisa ugonjwa huu uliitwa vidonda vya tumbo. Dawa za kuua bakteria wa H. pylori alipewa mara nne. Mara mbili alitibiwa taifodi kwa kipimo cha damu kiitwacho Widal. Kipimo cha kamera alifanyiwa mara mbili, mara zote tumbo likakutwa safi, na mara zote akaondoka na dawa ileile ya asidi, omeprazoli. Mojawapo ya karatasi hizo ina mwandiko wangu. Nilimwona katika kliniki ya nje miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, siku yenye foleni ndefu, na kwenye maelezo yangu hakuna neno hata moja kuhusu mgongo.

Alipita pia kwa waganga wawili. Mmoja alimwambia ni husuda ya mwenye meza ya jirani. Urafiki wa miaka na jirani yule ukafa hapo, na kwa ninavyojua haujafufuka.

Akiwa na miaka 26 alianza kukonda, kukojoa mara kwa mara na kuona kiu. Akaambiwa ana kisukari, akapewa insulini ya mchanganyiko ya kuchoma asubuhi na jioni. Tumbo likawa na faili lake na sukari ikawa na faili lake, katika majengo mawili tofauti. Halafu kulikuwa na jambo la tatu ambalo halikuwa na faili kabisa: choo. Kilikuwa kingi, cha rangi ya udongo, kinang'aa mafuta na kuelea. Kwao choo ni cha kumwagia maji kwa ndoo, na mama mkwe wake alikuwa akilalamika kwamba mkwe huyu peke yake anamaliza ndoo tatu. Yeye aliona aibu kulisema hospitalini, nasi hatukumwuliza.

Walichomwuliza, tena kila mahali, ni pombe. Aliulizwa mbele ya mama mkwe, aliulizwa mbele ya mumewe, safari moja aliulizwa mara mbili na mtu yuleyule. "Daktari, mimi sijawahi hata kuonja." Kwenye faili ikaandikwa kwamba "anakana" kutumia pombe, neno la mshtakiwa kizimbani. Pombe na sigara kweli ni visababishi vikubwa vya kongosho sugu, yaani kuvimba kwa kongosho kwa miaka mingi, na swali lazima liulizwe. Lakini lina mahali pake na namna yake, na likishajibiwa liaminike mpaka papatikane sababu ya kulitilia shaka.

Bahasha ya kaki

Ugonjwa wenyewe ulionekana kwa bahati. Bi Zuhura alikuja akalazwa kwa maumivu, na katika mfuko wake wa nailoni mlikuwa na bahasha ya kaki yenye filamu ya eksirei ya mgongo, iliyopigwa miaka mitatu nyuma. Majibu yaliyobandikwa juu yalisema mifupa ni mizima. Muuguzi wetu aliielekeza filamu kwenye mwanga wa dirisha, akauliza, "Na hizi punje ni za nini?" Usawa wa pingili ya kwanza na ya pili ya kiuno zilionekana alama nyeupe, nyingine kama punje za mchele, nyingine kama mahindi, zimekatiza uti wa mgongo kutoka kulia kwenda kushoto na kupanda kidogo. Yalikuwa mawe ya kongosho. Aliyesoma filamu aliulizwa habari za mifupa, akajibu habari za mifupa.

Kwa asiye mtu wa fani: kongosho ni tezi ndefu iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, mkia unafika karibu na wengu. Ina kazi mbili. Hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta, vinavyopita katika mfereji mkuu hadi utumboni. Na hutengeneza homoni, insulini ikiwamo, zinazoingia moja kwa moja kwenye damu. Ikivimba na kupata makovu mwaka hadi mwaka, mfereji huziba, mawe hujengeka, msukumo hupanda nyuma ya mawe. Maumivu, choo cha mafuta na sukari vya Bi Zuhura vilikuwa ugonjwa mmoja.

Kijana, mwembamba, mawe makubwa, kisukari, pombe hakuna: picha hiyo ilielezwa na daktari Zuidema huko Indonesia mwaka 1959, baadaye ikaandikwa kwa wingi kutoka Kerala kusini mwa India, na pia kutoka Uganda na Nigeria. Zamani muhogo ulishukiwa kwa sababu ya sumu yake, lakini ugonjwa umeonekana hata kwa watu wasioula. Baadhi ya wagonjwa wana badiliko katika jeni iitwayo SPINK1. Kipimo hicho hatukukifanya, ila tuliandika kwamba mdogo wake wa kiume naye aliambiwa ana sukari akiwa na miaka 24.

Tathmini: tulitafuta nini

Wengi hudhani tathmini ya upasuaji ni kuangalia kama mtu anaweza kupasuliwa. Hilo ni swali mojawapo tu, wala si la kwanza.

La kwanza lilikuwa saratani. Kongosho lililovimba miaka mingi lina hatari kubwa zaidi ya kupata saratani kuliko la mtu mwingine, na kichwa kilichotuna kwa makovu hufanana sana na uvimbe wa saratani kwenye picha. Alifanyiwa siti skani yenye dawa ya mshipani, ikipigwa kwa hatua kufuatia dawa inavyopita. Kichwa cha kongosho kilikuwa na unene wa milimita 42. Mfereji mkuu, ambao kwa mtu mzima wa afya huwa na milimita 3 hivi, ulikuwa na milimita 11 na umejaa mawe, kubwa kuliko yote likiwa na milimita 14, limekaa kichwani kama kizibo. Mkia ulikuwa umesinyaa. Uvimbe wa kutiliwa shaka haukuonekana. Kipimo cha damu cha CA 19-9, ambacho hupanda katika saratani ya kongosho, kilikuwa cha kawaida, lakini peke yake hakithibitishi wala hakikanushi. Hupanda hata nyongo ikiziba tu. Tulikubaliana kwamba jibu la mwisho litatoka kwenye nyama itakayokatwa.

La pili: maumivu yanatoka wapi? Katika tathmini nzima hili ndilo gumu. Kama chanzo ni mfereji ulioziba, kuufungua kunasaidia. Kama chanzo ni kichwa chenye makovu yaliyobana mishipa ya fahamu, kufungua mfereji peke yake hakutoshi. Na kama mishipa ya fahamu na ubongo vimeshazoea kuuma, operesheni nzuri kuliko zote inaweza kumwacha mgonjwa na maumivu yake. Ndiyo maana muda una maana. Bi Zuhura alikuwa na viwili vya kwanza wazi kwenye picha. Cha tatu tulikihofia kwa sababu alikuwa anameza vidonge vinane kwa siku vya tramadoli, dawa kali ya maumivu, yaani miligramu 400, kiwango cha juu kabisa, na juu yake anachoma diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, ya duka la dawa.

Hapa daktari wa usingizi alisema jambo ambalo tangu siku hiyo nalirudia kila mara. Mmoja wetu alikuwa amesema huyu ameshakuwa teja wa tramadoli. Akajibu kwamba mtu aliyeachwa miaka tisa na jiwe la milimita 14 akajitafutia dawa si teja, ni mtu aliyejihudumia baada ya sisi kushindwa. Ila dawa hizo zikitumika sana hugeuka na kuzidisha usikivu wa maumivu, na siku ya operesheni dozi za kawaida hazitamtosha.

La tatu lilikuwa majirani wa kongosho. Mfereji wa nyongo ulikuwa umetanuka kidogo, milimita 9, bila macho kuwa ya njano. Utumbo ulikuwa haujabanwa. Mshipa wa damu wa wengu ulikuwa wazi. Huo ukiziba, damu hutafuta njia juu ya tumbo la chakula na kutengeneza mishipa iliyovimba, na daktari wa upasuaji anayeingia bila kujua hukutana na mafuriko.

Mwisho, mwili wenyewe. Uzito kilo 41 kwa urefu wa sentimita 158, uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) 16.4. Albumini, protini ya damu, gramu 27 kwa lita. Hemoglobini 9.4. Sukari ya wastani wa miezi mitatu asilimia 11.2. Kipimo cha kinyesi cha kupima vimeng'enya kingepaswa kupelekwa mbali na kilikuwa ghali. Choo kinachoelea kwa mtu mwenye mawe kongoshoni kilitutosha, tukaanza matibabu.

Jopo na uamuzi

Tulikaa watu sita: daktari wa upasuaji wa ini na kongosho, mimi, mtaalamu wa picha, daktari wa usingizi, mtaalamu wa lishe na muuguzi mratibu. Hoja ya kwanza ilikuwa kama pawe na kisu au kamera. Kwa kamera, mawe huvunjwa kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili, kisha mrija huwekwa ndani ya mfereji na kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Inavutia kwa sababu haina kovu. Lakini mawe yake yalikuwa mengi na makubwa, mashine ya kuyavunja hatukuwa nayo, na kila kubadilisha mrija ni nauli, siku za kazi na pesa. Na hata pale vifaa vipo, ushahidi uko upande wa kisu kwa mgonjwa wa namna hii. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha wagonjwa 39: baada ya miaka miwili asilimia 75 ya waliopasuliwa walikuwa wamepata nafuu ya maumivu, dhidi ya asilimia 32 ya waliotibiwa kwa kamera. Mwaka 2020 ukachapishwa mwingine wa hukohuko, wagonjwa 88, ukionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipata maumivu madogo kuliko walioanzia kwenye dawa na kamera.

Kisha, operesheni ipi? Daktari wa upasuaji alichora nyuma ya fomu ya maabara. Kuupasua mfereji kwa urefu na kuushonea utumbo juu yake, namna ya Partington na Rochelle ya 1960, kungemaliza msukumo ila kungeacha kichwa kilichotuna. Whipple, yaani kuondoa kichwa chote pamoja na utumbo unaokikumbatia, ingekuwa kubwa mno kwa asiye na saratani na mwenye kilo 41. Namna ya Beger wa Ujerumani, iliyoanza 1972, huondoa kichwa na kuacha utumbo, lakini hulazimu kukata shingo ya kongosho juu kabisa ya mshipa mkubwa wa damu. Kuondoa kongosho lote na kurudisha seli za insulini kwenye ini, kulikoanzia Minnesota mwaka 1977, kunahitaji maabara tusiyo nayo. Bila hiyo, mtu hubaki na sukari isiyoshikika. Tukaangukia kwenye namna ya Frey, ya 1987: kichwa kinachokolewa kutoka mbele kama unavyokuna nazi ndani ya kifuu, kifuu kikabaki, mfereji unafunguliwa hadi mkiani, utumbo unashonewa juu ya vyote. Mfano wa nazi si wangu, ni wa daktari mwenyewe, na baadaye ndio ulioeleweka na familia nzima kwa mara moja.

Uamuzi ukawa: Frey, lakini bado. Wiki nane za kujenga lishe, kushusha sukari na kupunguza tramadoli. Nilikubaliana nao wakati ule na nakubaliana nao hata leo. Tatizo lilianza tulipotoka chumbani.

"Bado" ilivyosikika

Habari alipewa kwenye korido na daktari aliye mafunzoni, ambaye wala simlaumu, kwa sababu sisi wakubwa tulikuwa tumekwenda kula. "Bado hujawa tayari kwa operesheni. Fanya lishe, urudi baada ya wiki nane." Akapewa karatasi ya vyakula na vidonge vya vimeng'enya vya wiki mbili. Miezi mingi baadaye alinieleza alichosikia: "Nilijua wamenikataa kiungwana. Mtu akikwambia bado na yeye anaondoka, amekataa."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sisi sita, wanne kati yetu Waislamu, hatukuliwaza: wiki zetu nane ziliingia katikati ya Ramadhani. Hakuna aliyemwuliza kama atafunga. Yeye alijiambia kwamba kama hospitali imemkataa, atafunga na kumwachia Mungu. Insulini ya mchanganyiko akaendelea kuichoma, ya asubuhi akiihamishia daku, ya jioni futari. Usiku wa kumi na moja tumbo likamshika wakati wa futari. Alichoma dozi yake yote kama kawaida, akanywa vijiko vitatu vya uji, akashindwa kuendelea. Walipomwamsha kwa daku hakuamka. Hospitali ya karibu ilikuta sukari ya milimoli 1.9 kwa lita. Alipewa glukosi ya mshipani, akazinduka.

Kisukari cha kongosho lililokufa si sawa na kile cha kawaida, na tukio lile ndilo linaloonyesha tofauti. Kongosho hutengeneza pia glukagoni, homoni inayopandisha sukari inaposhuka. Bi Zuhura alikuwa amepoteza zote mbili, ya kushusha na ya kupandisha. Sukari yake hupanda kwa kasi, na ikianza kuanguka hakuna breki.

Kuanza upya

Mumewe alimpigia simu muuguzi mratibu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa ameacha namba. Tukawaita: Bi Zuhura, mumewe, mama mkwe na kaka yake mkubwa. Safari hii tulikaa chini, na daktari wa upasuaji akachora nazi yake.

Kikao kilitufunulia jambo ambalo tungepasua bila kulijua. Kaka mtu aliuliza, kwa heshima sana, baada ya operesheni sukari itachukua muda gani kwisha. Wote walikuwa wanadhani mawe yakitoka, sukari inatoka nayo. Muuguzi akamgeukia mgonjwa: "Dada, sukari haitaondoka. Vidonge vya chakula navyo ni vya maisha. Tunachokifuata ndani ni maumivu." Chumba kilikaa kimya. Mama mkwe akauliza, "Na maumivu yenyewe mna hakika?" Daktari akasema hapana, hana hakika, katika wagonjwa wa namna yake wengi hupata nafuu kubwa, wapo wanaobaki na maumivu, na operesheni yenyewe ina hatari ya kuvuja, kutoka damu, hata kufa. Bi Zuhura akasema atajibu kesho. Kesho yake alijibu ndiyo.

Kuhusu funga nilimweleza kwa uangalifu, nikitafuta maneno, mpaka akanihurumia. "Daktari, ustadhi alishaniambia niache nitoe fidia. Ninyi ndio hamkuniuliza."

Lishe ilibidi igeuzwe karibu yote. Miaka yote aliambiwa asile mafuta, akatii, akawa anaishi kwa chai ya rangi na ugali wenye mboga ya kuchemsha. Bila vimeng'enya mafuta yalimpita kweli, lakini dawa yake ni vimeng'enya. Kumnyima mafuta kulimmaliza. Alipewa vidonge vyenye lipasi, kimeng'enya cha kusaga mafuta, vizio 25,000, viwili kwa mlo, kimoja kwa kitafunio. Havikufanya kazi kwa wiki nzima. Mtaalamu wa lishe alipokwenda kukaa kwenye meza yake asubuhi moja akagundua kwa nini: mama lishe hana mlo. Anaonja, anadokoa, anakula nusu andazi saa mbili na nusu jingine saa nne, kisha kidonge anameza mchana akishakumbuka. Wakapanga milo mitatu ya kukaa chini, kidonge cha kwanza na tonge la kwanza, cha pili katikati ya chakula. Mayai, dagaa, karanga, mafuta ya kupikia bila woga, uji wa maziwa usiku. Ndani ya siku kumi mama mkwe alitoa taarifa rasmi: ndoo moja inatosha.

Chakula kilipoanza kuingia mwilini, sukari ilipanda, kama ilivyotarajiwa. Tuliacha insulini ya mchanganyiko, tukaweka ya muda mrefu mara moja kwa siku na ya muda mfupi inayochomwa mtu akishaona anakula. Tramadoli ilishushwa kidonge kimoja kila wiki, ikisaidiwa na parasetamoli na amitriptilini kidogo usiku. Diklofenaki ilisimama. Pesa za vidonge vya kongosho zilitoka kwenye kikoba chake, mchango wa ukoo na, kwa sehemu, msamaha uliopitia ofisi ya ustawi wa jamii.

Wiki ya 14 alikuwa na kilo 46.5, albumini 34, sukari ya miezi mitatu 8.4, tramadoli vidonge viwili kwa siku. Alipanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama. Ndugu wanne walichangia damu.

Upasuaji na mwaka uliofuata

Operesheni ilichukua muda wa saa tano kasoro. Mawe yaliyotoka yalijaa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Mfereji wa nyongo ulijifungua wenyewe kichwa kilipokunwa, haukuhitaji kushonewa njia nyingine. Nyama iliyopelekwa maabara haikuwa na saratani. Kidonda kiliingia vijidudu, kikamwongezea siku tano wodini. Alirudi nyumbani siku ya 13.

Tramadoli aliiacha mwezi wa tano baada ya operesheni. Katika mwaka mzima alipata maumivu mara tatu, mara moja ya kulazwa usiku mmoja. Uzito ulifika kilo 52. Insulini anaitumia zaidi kidogo kuliko zamani. Vimeng'enya huvipunguza mwezi ukiwa mgumu, anameza kimoja badala ya viwili, na choo humwambia.

Uchambuzi

Naanza na palipotushinda mapema. Dalili zilikuwepo zote: maumivu yanayopenya mgongoni na kupungua mtu akiinama mbele, kipimo cha kamera kilicho safi, kukonda, sukari ya ujanani kwa mtu mwembamba. Dawa ya vidonda ikishindwa mara ya pili kwa mgonjwa wa namna hii, ya tatu isiandikwe. Eksirei ya kawaida ya tumbo inapatikana katika hospitali nyingi za wilaya, na mawe makubwa huonekana kwayo, ingawa kutoyaona hakuondoi ugonjwa. Wala kipimo cha damu cha amailesi, kimeng'enya cha kongosho, kisimdanganye mtu: katika kongosho sugu mara nyingi huwa cha kawaida, kwa sababu tezi imechoka. Na choo kiulizwe, kwa Kiswahili cha nyumbani. "Kinaelea? Unatumia ndoo ngapi?" Swali hilo la ndoo tumeliingiza kwenye fomu yetu.

Jopo lenyewe, nadhani, lilifanya kazi nzuri kwenye picha na kwenye kuchagua operesheni. Daktari wetu wa upasuaji bado ana hoja dhidi yangu: anasema wiki 14 ni nyingi, kila wiki ya maumivu inazidisha uwezekano wa maumivu kubaki, na kwamba tungemlaza wiki tatu, tukamlisha kwa mpira wa puani, tukapasua. Kwa takwimu za Uholanzi ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba wodini tusingejua habari za kudokoa maandazi, na angerudi kwenye meza yake na kongosho lililofunguliwa na vidonge visivyofanya kazi. Lakini wiki sita kati ya zile 14 hazikuwa za maandalizi hata kidogo. Zilikuwa za kosa letu la korido na matokeo yake, na hizo sina cha kuzitetea.

Sasa uamuzi wa jopo hautolewi na mtu mmoja wala kwa mdomo tu. Anayeuleza huketi, mgonjwa hupewa karatasi yenye tarehe ya kurudi, namba ya muuguzi, na vipimo vitatu vinavyopaswa kubadilika: uzito wa kufikia, sukari ya kufikia, dawa za maumivu za kufikia. Kabla ya kuondoka huombwa aseme kwa maneno yake alichoelewa. Wa kwanza kuombwa hivyo baada ya Bi Zuhura, mzee mmoja, alisema, "Nimeelewa kwamba mmekataa." Alirudishwa kitini, akaelezwa upya. Kalenda ya Kiislamu imebandikwa karibu na ile ya wiki za jopo.

Ridhaa nayo ilitufunza. Fomu ilikuwa imeshaandaliwa, imejaa hatari zote za operesheni, wala haikuwa na sentensi moja inayosema sukari itabaki. Hatari tulizieleza vizuri, lengo hatukulieleza. Kama kaka mtu asingeuliza, tungekuwa na operesheni iliyofanikiwa na familia inayoamini imetapeliwa.

Bi Zuhura yuko kwenye meza yake karibu na stendi. Kliniki anakuja kila baada ya miezi mitatu. Mdogo wake, yule mwenye sukari, tumempa tarehe mbili za kuja kupigwa eksirei. Hajafika, anasema tumbo halimuumi.